Tutibu Fizi Kwanza, Ndipo Tupande Jino



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo zamani lilionekana kuwa la matajiri tu, nalo ni jino la kupandikiza. Huo ni msumari mdogo wa madini unaoingizwa ndani ya mfupa wa taya, ukashika, kisha juu yake likawekwa jino jipya mahali pa lile lililong'oka. Wataalamu huuita implanti. Siku hizi hata familia za parokiani kwetu zinauliza habari zake. Watoto walio mjini au ng'ambo huchanga fedha ili baba au mama apate tena meno ya kutafunia. Hilo ni tendo jema la kuwaheshimu wazazi, nasi hatulipingi hata kidogo.

Tunachopinga ni haraka.

Tunaifahamu familia moja ambayo watoto wake wanne walichanga karibu mwaka mzima kwa ajili ya mama yao. Mmoja wao aliuza ng'ombe. Mama akapandikizwa meno mawili ya chini, na siku ya sherehe ya jubilei ya ndoa yake alicheka mbele za watu bila kufunika mdomo kwa kanga. Lakini fizi za mama huyo zilikuwa zimetoka damu kwa miaka mingi kila alipopiga mswaki. Yeye alidhani ni uzee. Hakuna aliyemwuliza, naye hakusema. Mwaka wa tatu jino moja likaanza kucheza, usaha ukatoka pembeni yake, na mwishowe likaondolewa. Fedha zilizopotea ziliwauma watoto, lakini kuna jambo lililowauma zaidi. Mama aliona kwamba kosa ni lake, akaona aibu, akakataa kwenda tena kwa daktari yeyote wa meno.

Basi maoni yetu ni haya, na tunayasema tangu mwanzo ili msomaji asitutafute. Kinywa chenye fizi zinazougua kisipandikizwe jino mpaka fizi hizo zimetibiwa, na baada ya kutibiwa zikapimwa tena. Daktari asikubali kupandikiza kabla ya hapo, mgonjwa asimshinikize, na watoto wasilipie kabla ya kuuliza habari za fizi. Hebu tueleze kwa nini.

JINO LA TITANI LILITOKA WAPI

Madini yanayotumika zaidi kwa kazi hii huitwa titani. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi damu inavyotembea ndani ya mfupa. Aliweka chombo kidogo cha titani katika mfupa wa mguu wa sungura. Alipotaka kukitoa akiteke, kilikuwa kimeshikamana na mfupa, hakitoki. Wengine wangekasirika kwa kupoteza chombo, lakini yeye alijiuliza: je, titani haiwezi kubeba jino la binadamu?

Mwaka 1965, katika mji wa Gothenburg, alimpandikiza mtu wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye alizaliwa na kasoro kubwa za taya na kinywa. Larsson aliishi na vipandikizi vyake hadi alipofariki mwaka 2006, yaani zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo hatusemi kwamba jino la kupandikiza ni udanganyifu. Likipandwa mahali pazuri na kutunzwa, laweza kudumu kuliko sisi wenyewe.

Lakini hebu tuangalie neno hilo: mahali pazuri. Titani haiozi na wala haitobolewi na wadudu kama jino letu. Kinachougua ni nyama na mfupa unaoizunguka. Mkulima anajua kwamba mche bora hauoti katika udongo uliojaa mchwa, na hata ukiota, hautadumu. Fizi na mfupa ndio udongo wa jino hili.

DAMU KWENYE MSWAKI SI JAMBO LA KAWAIDA

Watu wengi tuliozungumza nao wanaamini kwamba fizi kutoka damu kidogo ni kawaida. Wengine wanalaumu mswaki mgumu, wengine miwa, wengine umri. Ni kweli mswaki mgumu waweza kuchubua. Lakini fizi zenye afya hazitoki damu kila siku, kama vile mkono wenye afya hautoki damu unaponawa.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1965, mwaka ule ule aliopandikizwa Larsson. Huko Aarhus, nchini Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri, wengi wao wakiwa wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote, bila kubaki hata mmoja, walikuwa na fizi nyekundu zenye uvimbe. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilirudi katika hali yake kwa muda wa kama wiki moja.

Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kinacholeta ugonjwa ni ukoga, ule utando laini wa vijidudu unaojikusanya juu ya meno na kando ya fizi. Ukoga ukiachwa hupata chokaa ya mate na kuwa ugaga mgumu, ambao mswaki hauwezi tena kuutoa. La pili, uvimbe wa mwanzo unatibika, na kurudi nyuma inawezekana. Lakini ukiachwa muda mrefu, kwa watu wengi uvimbe huo hushuka chini na kuanza kula mfupa unaoshika jino. Mfupa ulioliwa haurudi kirahisi.

Wala tusidhani kwamba tatizo hili ni la wachache. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawapata watu zaidi ya bilioni moja duniani. Wengi wao hawana maumivu yoyote. Huo ndio ubaya wake, kwamba jino lililotoboka hukuamsha usiku, lakini ufizi unaoliwa hukuacha ulale.

ASKARI WANAOLINDA NA ASKARI WANAOBOMOA

Ili tuelewe kwa nini tusipande jino katika fizi zenye uvimbe, yafaa tujue kinachotokea ndani yake. Mwenyezi Mungu ameweka katika damu yetu chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Mwaka 1976 wataalamu wawili, Roy Page na Hubert Schroeder, waliandika hatua nne za vita hivyo ndani ya ufizi, na mpaka leo wanafunzi hufundishwa habari zake.

Wa kwanza kufika ni nyutrofili. Hao ni askari wa doria. Hata katika ufizi mzima wapo wachache wanaopita kila wakati, wakichungulia mpaka wa jino na nyama. Ukoga ukizidi, ndani ya siku mbili hadi nne wanakuja kwa wingi. Mishipa midogo ya damu hutanuka ili kuwapitisha, na ndiyo maana ufizi huwa mwekundu, huvimba, na hutoka damu ukiguswa. Nyutrofili humeza vijidudu na kuvimwagia sumu, kisha wenyewe hufa. Usaha tunaouona ni mizoga ya askari hao pamoja na ya adui.

Nyuma yao huja makrofaji, ambao ni walaji wakubwa wanaosafisha uwanja na kupiga mbiu kuita wengine. Kati ya siku ya nne na ya saba hufika limfosaiti, askari wenye kumbukumbu. Wiki mbili tatu zikipita bila ukoga kuondolewa, ufizi hujaa chembe za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza silaha maalumu dhidi ya adui aliyekwisha kutambulika. Kambi ya muda imegeuka kuwa kambi ya kudumu.

Hatua ya nne ndiyo ya kuogopa. Kambi ikikaa muda mrefu, askari huanza kuwadhuru wenyeji. Ile sumu waliyokusudia vijidudu huyeyusha pia nyuzi za ufizi. Na baadhi ya limfosaiti hutoa ishara zinazoziamsha chembe nyingine ndani ya mfupa, ambazo kazi yake ya kawaida ni kumomonyoa mfupa wa zamani ili mpya ujengwe. Sasa zinamomonyoa kuliko kiasi, na ujenzi hauwezi kuzifikia. Kwa hiyo mfupa wa taya hauliwi na vijidudu peke yao. Unaondolewa na mwili wenyewe, katika juhudi za kuukimbia moto.

Lakini tusiwalaani askari hao. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na kasoro ambayo nyutrofili zao haziwezi kutoka katika mishipa na kufika vitani. Watoto hao hupata ugonjwa mkali wa fizi wakiwa bado wadogo, na huweza kupoteza hata meno ya utotoni. Bila askari tunaangamia. Tunachohitaji ni askari wachache wenye utulivu, wala si jeshi zima lililopiga kambi kwenye mfupa.

KWA NINI JINO LA KUPANDIKIZA HALIVUMILII

Msomaji aweza kusema: "Meno yangu yamestahimili fizi hizi miaka ishirini, kwa nini la titani lisistahimili?" Ni swali zuri.

Jino la kuzaliwa nalo limefungwa kwa nyuzi nyingi ndogo zinazotoka katika mzizi wake na kuingia katika ufizi na mfupa. Nyuzi hizo ni kama kamba za hema: zinashika, na pia zinazuia adui asishuke haraka. Kando yake kuna mishipa ya damu inayoleta chakula na askari. Implanti haina nyuzi hizo. Nyuzi za ufizi hupita kando yake na kuizunguka, lakini haziingii ndani yake, kwa kuwa ni madini. Mishipa ya damu ya upande ule wa mzizi nayo haipo. Lango la implanti ni jepesi kuliko la jino.

Ushahidi upo. Katika majaribio ya Uswisi yaliyotangazwa mwaka 2012, watu wenye implanti waliacha kusafisha meno kwa wiki tatu, kama wale wa Aarhus. Ufizi uliozunguka implanti ulivimba na kutoka damu zaidi ya ule uliozunguka meno yao wenyewe. Baada ya wiki tatu nyingine za kusafisha, ulikuwa bado haujarudi kikamilifu kama ulivyokuwa mwanzo. Na ugonjwa ukifika kwenye mfupa wa implanti, wataalamu wanaochunguza nyama hiyo kwa darubini hukuta kundi la chembe nyeupe lililo kubwa zaidi, lenye nyutrofili na makrofaji wengi, na lililo karibu zaidi na mfupa.

Kuna jambo jingine. Vijidudu havijui mipaka. Ndani ya wiki chache baada ya implanti kutokeza kinywani, vijidudu vya mifuko ya fizi za meno ya jirani huonekana pia kando yake. Ukimpanda mgeni katika nyumba yenye ugonjwa, mgeni ataambukizwa.

Tena kumbuka kwamba siku anapopandikizwa, mgonjwa huwa na jeraha. Mfupa unahitaji miezi kadhaa, kwa desturi mitatu hadi sita, ili kushikamana na titani. Katika miezi hiyo chembe za mwili zinatakiwa kujenga. Makrofaji hao hao wanaoita vita ndio wanaotakiwa sasa kubadili kazi na kuwa mafundi wa kuponya. Je, watajengaje huku kambi ya vita iko jirani, inapiga mbiu usiku na mchana? Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu. Hapa sisi tunataka kujenga ukuta mpya juu ya ufa ambao hatujauziba.

HOJA ZA WANAOTUPINGA

Tumejadili jambo hili na watu wengi, na yafaa tujibu hoja zao kwa haki.

Wapo wanaosema: "Tung'oe meno yote mabovu, ugonjwa utakwisha wenyewe, ndipo tupande." Ni kweli kwamba jino lisilo na tumaini sharti ling'olewe. Lakini mtu aliyewahi kupoteza mfupa kwa ugonjwa wa fizi hubaki katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kando ya implanti kuliko mtu ambaye hakuwahi kuugua. Meno yameondoka, lakini mwili ni ule ule, tabia ya kusafisha ni ile ile, na sigara iko pale pale mfukoni. Tena meno mengi yanayohukumiwa haraka yangeweza kuokolewa kwa kusafishwa vizuri. Jino lako mwenyewe, hata lililolegea kidogo, laweza kuwa na thamani kuliko msumari wa bei kubwa.

Wengine husema: "Kuna madaktari wanaopandikiza siku ile ile ya kung'oa." Ndiyo, wapo, na kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri inawezekana. Lakini hata hao humchunguza mgonjwa kwanza, na fizi za kinywa kizima huwa zimeshatunzwa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2023 na Shirikisho la Ulaya la Periodontolojia, chama cha wataalamu wa fizi, unataka ugonjwa wa fizi utibiwe kabla ya kupandikiza, na mgonjwa aendelee kuangaliwa baadaye.

Wapo pia wanaosema: "Mgonjwa amesafiri mbali, fedha ziko mkononi, tukimrudisha nyumbani hatarudi tena." Hoja hii inatugusa, kwa kuwa tunazijua barabara zetu na nauli zake. Lakini kama mgonjwa hawezi kurudi mara mbili tatu ili asafishwe fizi, atarudije kila miezi michache kwa maisha yake yote ili implanti iangaliwe? Asiyeweza kuangaliwa baadaye ni afadhali apewe meno ya bandia ya kutoa na kuvaa, au daraja la meno linaloshikwa na meno ya jirani yenye afya. Hayo si aibu. Mamilioni ya watu wanakula kwa meno hayo na kumshukuru Mungu.

Hoja ya mwisho husemwa kwa sauti ndogo: "Sisi ni nani hata tumwulize daktari?" Hapo tunasema kwa heshima zote kwamba daktari ni mtumishi wa uhai, na daktari mwema hufurahi kuulizwa. Waganga wengi wa meno ni waaminifu. Lakini kupandikiza kunaleta fedha nyingi kwa siku moja, na kusafisha fizi kunaleta fedha kidogo kwa kazi ya kuchosha. Kishawishi kipo, na kishawishi hakibagui taaluma. Mgonjwa anayeuliza humsaidia hata daktari kusimama katika haki.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Tunawaomba wasomaji wakate sehemu hii na kuitunza. Kabla hujalipia jino la kupandikiza, uliza haya.

1. Je, umepima fizi zangu zote? Kipimo chake ni kijiti chembamba chenye alama za milimita kinachopitishwa taratibu kati ya jino na ufizi. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kina cha milimita 4 na zaidi pamoja na damu chahitaji kuangaliwa.

2. Ni sehemu ngapi zinazotoka damu? Kinywa chenye afya kinapopimwa, damu hutoka katika sehemu zisizofika moja kati ya kumi. Omba uandikiwe hesabu yako, upate kuilinganisha baadaye.

3. Picha ya eksrei inaonyesha mfupa wangu ukoje?

4. Baada ya kukwangua ugaga na kusafisha mifuko ya fizi, utanipima tena lini? Ufizi huhitaji muda ili ule umati wa chembe nyeupe utawanyike na nyuzi zijengwe upya. Kwa kawaida husubiriwa wiki 6 hadi 12. Anayetaka kusafisha leo na kupandikiza kesho hajaupa ufizi nafasi ya kutoa jibu.

5. Sukari yangu ikoje? Kisukari kisichodhibitiwa huwadhoofisha nyutrofili na papo hapo huzidisha uvimbe. Mwambie daktari bila kuficha, na uwe na kipimo kile kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi mitatu iliyopita. Habari njema ni kwamba kutibu fizi husaidia pia kushusha sukari kwa kiasi.

6. Nikishapandikizwa, nitakuja kuangaliwa kila baada ya muda gani, na gharama yake ni kiasi gani? Watoto wanaochanga waiweke gharama hiyo katika bajeti tangu mwanzo.

Neno moja kwa wavuta sigara. Nikotini hubana mishipa ya damu, hivyo fizi za mvutaji zaweza kuugua sana bila kutoka damu nyingi. Asijidanganye kwa kuwa mswaki wake ni mweupe. Implanti pia hushindwa zaidi kwa wavutaji. Kama kuna fedha za kupandikiza, basi na iwepo nia ya kuacha.

KAZI YA NYUMBANI

Ndugu wazazi, kazi kubwa ya kuponya fizi hufanyika nyumbani, na gharama yake ni ndogo. Tupige mswaki mara mbili kwa siku, usiku kabla ya kulala usikose, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Tuupeleke mswaki hadi pale jino linapokutana na ufizi, taratibu, bila kusugua kama sufuria. Anayetumia msuaki wa mti autafune hadi uwe laini, naye afikie meno ya nyuma na ya upande wa ndani. Katikati ya meno mswaki haufiki: tutumie uzi wa meno au brashi zile ndogo. Kusukutua kwa maji ya chumvi hutuliza ufizi, lakini hakuondoi ugaga. Ugaga hutolewa na mtaalamu tu.

Fizi zikitoka damu, usiache kupiga mswaki mahali hapo kwa kuogopa. Wengi hufanya hivyo, na ukoga huongezeka pale pale palipougua. Piga taratibu lakini piga, kisha nenda ukaonwe. Mama mjamzito akiona fizi zimevimba asinyamaze, kwa maana mabadiliko ya mwili wakati huo huzidisha uvimbe, na kusafishwa kwa daktari wa meno hakumdhuru mtoto.

TUFANYE NINI KAMA KANISA?

Tunapendekeza jambo dogo. Katika mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo na ya akina mama, liulizwe swali moja tu: nani hapa fizi zake hutoka damu? Mikono itakayonyoshwa itatushangaza. Kisha parokia imwalike mtaalamu wa kinywa na meno kutoka hospitali ya wilaya, Jumapili moja baada ya Misa, aonyeshe jinsi ya kupiga mswaki na kuwatazama wanaohitaji kutumwa mbele. Tunajua kuchangia harusi na misiba. Tujifunze pia kuchangia kukwangua ugaga, ambako ni kazi isiyo na sherehe.

Kila tarehe 9 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria, mwanamke wa bara letu la Afrika, aliyevunjwa meno yake na watesi kabla ya kufa kwa ajili ya imani mwaka 249. Wenye maumivu ya meno humwomba awaombee. Nasi tumwombe, lakini tusimwachie kazi ambayo Mungu ametupa sisi wenyewe ya kuutunza mwili, ambao ni hekalu lake.

Na kwa yule mama wa jubilei, kama ukurasa huu utamfikia, tunasema: Mama, kosa halikuwa lako. Palikuwa na swali ambalo hukuulizwa. Rudi ukatibiwe fizi zako, na safari hii tumwombe daktari aanzie hapo. Hata kama hutapandikizwa jino jingine, yale yaliyobaki bado yanastahili kutunzwa.